Asibaki Mtu Garini: Kuwapokea Wageni Wenye Ulemavu Nyumba ya Mungu

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wanafunzi kwenye kituo kimoja cha elimu ya bahari huko pwani, jina lake nalihifadhi. Walifika kwa basi watoto thelathini na watano, wakaingia kwenye boti thelathini na wanne. Aliyebaki anatumia kiti mwendo, na kati ya maegesho na boti palikuwa na mchanga mlaini wa hatua kama hamsini, kisha ngazi. Mhudumu, mtu mpole kabisa, alimletea soda baridi na kumfungulia dirisha apate upepo. Wenzake waliporudi wanashindana kumsimulia pweza waliyemwona, yeye akanigeukia: "Mwalimu, kwani hawakujua kama nakuja?"

Hawakujua. Aliyepiga simu kuomba nafasi ni mimi, na sikusema.

Kwa hiyo mwongozo huu ni deni. Nauandika kwa watu wa Bwawa la Nyumba ya Mungu: wewe uliye kwenye kamati ya usimamizi wa mwalo (BMU), wewe nahodha, mama unayekaanga perege pale mwaloni, na mwalimu wa Mwanga au Same unayepanga ziara ya muhula huu. Bahari iko mbali nasi, ila somo linaanzia hapa. Kikuletwa huja na maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu huja na ya Ziwa Jipe, yote yanaingia bwawani kwa upande wa kaskazini, kisha yanatoka kusini yakiitwa Mto Pangani hadi yanapomwagika Bahari ya Hindi. Kuna ukuta uliojengwa miaka ya 1960, kuna mitambo ya umeme ya megawati 8, kuna perege ambao asili yao ni bonde hili hili, na kuna mradi mkubwa wa maji unaochota hapa kwa ajili ya Same, Mwanga na Korogwe. Mwaka 1974 watafiti walitoka Ulaya kuja kuchunguza viumbe wa bwawa hili. Mtoto wa Kisangara mwenye fimbo nyeupe asilijue kwa sababu gani?

Simu kwanza

Mgeni akipiga simu kuulizia ziara, usiishie kwenye idadi na bei. Muulize: "Kuna mwenzetu anayehitaji tumwandalie kitu chochote?" Sentensi hiyo inatosha kufungua mazungumzo. Usiulize "Mna walemavu?", kwani wengi watajibu hapana kwa haraka, kama nilivyofanya mimi kwa kunyamaza. Ukishaambiwa yupo, uliza mambo ya kazi. Anatembea hatua ngapi bila kupumzika? Kiti chake kinakunjwa? Upana wake ni sentimita ngapi? Anakuja na msaidizi? Anasoma midomo au anatumia Lugha ya Alama ya Tanzania? Ugonjwa wake ni upi haikuhusu, na usiulize.

Weka pia namba ya kupokea ujumbe wa maandishi. Kiziwi hawezi kukupigia, na haipendezi mtu mzima aombe jirani amsemee kila anapotaka kutembea.

Halafu nawe umweleze ukweli. Mwambie barabara ya vumbi ina urefu gani ukishaacha lami upande wa Mwanga, kuna kivuli wapi, choo kikoje, maji yamesogea wapi mwezi huu. Mtu aliyeishi na ulemavu wake miaka ishirini anajua kupanga safari kuliko wewe, ilimradi umpe taarifa za kweli. Kinachomvunja ni kufika akakuta ulisema "hakuna tatizo, karibuni" na tatizo lenyewe ni ngazi sita.

Ziara ikihusu ukuta wa bwawa au mitambo, barua ya kuomba ruhusa iende TANESCO mapema, na ndani yake mtaje wageni wenye ulemavu. Huko ndani kuna ngazi za chuma na kelele, na ni afadhali mwenyeji aamue mapema aonyeshe nini na kutokea wapi. Mwaloni zungumza na serikali ya kijiji na BMU.

Ukingo unaohama

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Mtu akisikia ufikivu, anawaza saruji. Anajenga njia ya mteremko nzuri hadi kwenye maji, anaizindua, na baada ya miezi minne maji yameshuka, njia inaishia kwenye tope lililopasukapasuka, mita mia mbili kutoka ulipo mtumbwi. Mwaka wa mvua kubwa njia hiyo hiyo iko chini ya maji, samaki ndio wanaoifaidi.

Wenzetu wa pwani wana bamvua na maji mafu. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila nahodha anajua saa zake. Jozani huko Unguja kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, na kisiwani Wasini, Kenya, kikundi cha akina mama kina ya kwao juu ya bustani ya matumbawe. Ni mfano mzuri wa kumfikisha mtu asiyeweza kukanyaga tope. Lakini zile zimesimama kwenye nguzo. Bwawa letu hushuka na kupanda kwa misimu, kwa hiyo njia yetu lazima ibebeke.

Mpe fundi seremala kazi hii: vipande vya mbao vyenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2, vyepesi kiasi cha kubebwa na watu wawili. Mbao zilale kukingama na mwendo, na nyufa kati yake zisizidi sentimita 1. Zikilazwa kufuata mwendo, gurudumu dogo la mbele litatumbukia kwenye ufa na mgeni atakwenda chini uso kwanza. Vipande viungwe kwa kamba. Kumi ni mita ishirini. Mkikosa fedha ya vingi, tengenezeni sita, na vijana wawili wawe wanachukua vya nyuma na kuvitanguliza mbele. Inachekesha kidogo kuangalia, lakini mtu anafika. Nyavu chakavu usizitandike kama zulia, hata kama mwaloni zimejaa. Zinajisokota kwenye magurudumu na utatumia nusu saa kuzikata kwa kisu.

Palipo na mchanga mtupu, kiti kigeuzwe kivutwe kinyumenyume. Magurudumu makubwa yatangulie, yale madogo yainuke. Muulize mwenyewe kwanza, na usishike kiti chake bila ruhusa kama vile ni mkokoteni.

Kwenye majengo ya kudumu, yaani banda la mafunzo, ofisi au mgahawa, hapo ndipo saruji ina kazi. Kipimo kinachokubalika ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Msingi ulioinuka nusu mita unataka mita 6. Mafundi wetu wanapenda kufupisha, matokeo yake ni kile kitu kinachofanana na njia ya kupakia ng'ombe kwenye lori. Simama na futi kamba yako wakati wanapima.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye vitabu vya wenzetu wa nchi zenye lami: miba ya migunga. Uwanda wetu umejaa miba, na kiti mwendo hupata pancha kama baiskeli. Weka pampu, viraka na solusheni pale mwaloni, na ujue fundi baiskeli aliye karibu anaitwa nani. Kwa matatizo makubwa zaidi ya viti na miguu bandia tuna bahati ya kuwa karibu na Moshi, kwenye chuo cha TATCOT pale Hospitali ya KCMC, wanakofundishwa mafundi wa kazi hizo.

Chooni

Nitasema kwa ufupi lakini ndilo jambo zito kuliko yote. Mgeni akijua choo hakipitiki, hanywi maji kuanzia alfajiri. Kwenye joto la bondeni kwetu, kufikia saa saba mchana mtu huyo anaumwa kichwa, ana kizunguzungu, na nyinyi mnasema amechoka na safari.

Choo chetu cha kuchuchumaa hakimfai mtu asiye na nguvu za miguu. Si lazima usubiri mfadhili. Chukua kiti imara, cha mbao au chuma, kikatwe tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo. Pembeni chomelea bomba la kushikilia. Mlango ufunguke kwa nje na uwe na nafasi ya sentimita 90, na ndani pawe na mahali pa kugeuzia kiti, kama mita 1.5 kwa 1.5. Pasipowezekana kupanua, toa ukuta wa mbele, weka pazia zito na msichana wa kulinda mlango. Si suluhisho la kujivunia, ila linampa mtu ruhusa ya kunywa maji.

Somo lenyewe

Kumfikisha mtu mwaloni halafu asijifunze ni sawa na kumwacha garini.

Mzee mmoja mvuvi aliwahi kuniona na kijana asiyeona, akanivuta pembeni, ila hakupunguza sauti. "Mwalimu, huyu haoni. Unamleta kuangalia nini?"

Kijana akamwahi. "Shikamoo, babu. Nimekuja kushika."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akakaa kimya kidogo, kisha akaingia bandani, akatoka na nyavu mbili. Akampa ya kwanza. Kijana akajaribu kupitisha kidole cha shahada kwenye jicho la wavu, kikakwama. Akampa ya pili, vidole vitatu vikapita kwa pamoja. Kijana akarudia ya kwanza, akaipapasa tena polepole. "Babu, hii inakamata mpaka watoto wa samaki." Mzee akanitazama mimi. Wanafunzi wenye macho wamehutubiwa kuhusu nyavu haramu mara nyingi, na sijamwona aliyeelewa haraka namna ile.

Basi fundisha kwa mikono. Perege apapaswe kutoka kichwani kwenda mkiani, magamba yatalala. Ukirudi kinyume, miiba ya mgongoni itakuchoma, na hilo nalo ni somo. Mwonyeshe taya, mweleze kwamba perege jike hutunza mayai na watoto wake mdomoni. Aingize ncha ya kidole aone nafasi ilivyo. Kambale hana magamba, anateleza, ana sharubu nane za kutafutia chakula kwenye tope lisilo na mwanga, jambo ambalo vijana wasioona hulifurahia sana. Tahadhari moja: miiba ya mapezi yake ya ubavuni inachoma vibaya, kwa hiyo anza na aliyekufa. Ramani ya bwawa ifinyangwe kwa udongo mbichi juu ya ubao: vidole viingie na Kikuletwa, viingie na Ruvu, vikutane, vitoke kwenye ukuta.

Maji nayo yaletwe kwenye beseni. Hii ni kwa wote, wenye ulemavu na wasio nao. Maji baridi yaliyotulia penye konokono ni makazi ya kichocho, na kwenye matete wapo mamba na viboko. Sioni sababu ya kuwaingiza watoto wa watu majini mpaka magotini ili wajue maji yana majani. Beseni pana likiwekwa mezani, aliye kwenye kiti mwendo anafika, mfupi anafika, na mwalimu anapata mahali pa kusimama.

Kwa viziwi tuna sababu ya ziada ya kujiandaa, maana shule ya viziwi ya KKKT Dayosisi ya Pare iko hapo hapo Mwanga, mlangoni petu. Kosa kubwa tunalofanya ni kuonyesha na kueleza kwa wakati mmoja. Wewe unainua samaki huku unazungumza, mkalimani anatafsiri huku samaki anapepea hewani. Mtoto kiziwi ana macho mawili tu: akimwangalia samaki amekosa maelezo, akimwangalia mkalimani amekosa samaki. Onyesha, nyamaza waangalie, mshushe samaki, kisha eleza. Mkalimani asisimame na bwawa nyuma yake mchana, kwa kuwa mng'ao wa maji humfanya aonekane kivuli kitupu. Na mkalimani alipwe, ile ni kazi ya kitaaluma. Mkiwa hamumjui yeyote, ulizeni chama cha viziwi, CHAVITA, au shule yenyewe.

Wenye ualbino mara nyingi husahaulika kwa sababu wanatembea wenyewe na kusikia wenyewe. Jua la bwawani huwapiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Ratiba yao iishe kabla ya saa nne asubuhi au ianze baada ya saa kumi jioni. Katikati hapo ni darasa la kivulini. Kofia za ukingo mpana na losheni ya jua viwepo hata kama wanakuja na vyao. Losheni ya Kilisun inatengenezwa hapo Moshi, haitoki mbali. Wengi wao wana uoni hafifu pia, kwa hiyo bango lenye herufi ndogo ni pambo tu kwao. Andika kwa herufi kubwa nyeusi juu ya njano.

Kwenye mtumbwi

Nenda asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza kuchafua maji. Mtu asiyeweza kutumia miguu akae chini kabisa, kwenye sakafu ya chombo, juu ya godoro dogo au jaketi la ziada, mgongo ukiegemea. Akiwa chini chombo hutulia. Kamwe usimpandishe akiwa kwenye kiti chake, na kamwe usimfunge mkanda kwenye kiti wala kwenye chombo. Nimeona ikifanywa kwa nia njema, eti asidondoke. Chombo kikipinduka, kiti cha chuma kitamzamisha. Kiti kibaki nchi kavu kivulini, na abiria avae jaketi okozi lenye kola ya kuinua kichwa, lililofungwa na kujaribiwa kabla ya kuondoka. Anayevaa vyuma miguuni aulizwe kama atavivua.

Kubeba mtu ni kazi ya watu wawili wanaoelewana, na anayetoa amri ni yule anayebebwa. Yeye ndiye anayejua wapi panauma.

Kiziwi akae anapomwona nahodha, na mkubaliane ishara mbili kabla ya kusukuma chombo: ya "kaa chini" na ya "kiboko". Asiyeona umweleze pande. Wazungu wana desturi ya kuelekeza kwa mishale ya saa, na siku hizi baadhi ya waongozaji wetu wameiiga. Kwetu haifai. Ukipiga kelele "Kiboko saa tatu!", mmoja atahesabu saa tatu ya Kiswahili, mwingine ya mshale, na wa tatu atakuuliza kama ni asubuhi au usiku. Sema "kulia kwako", au "upande unakopigwa na upepo".

Heshima na bei

Msaidizi wa mtu mwenye ulemavu asitozwe kiingilio. Usimzungumzie mgeni kupitia kwa msaidizi wake ("Huyu atakula nini?"), mgeni mwenyewe ana mdomo, na kama hana sauti ana mikono. Usimpige picha ya kuweka kwenye mtandao bila kumwomba. Wala usimwombee mbele za watu asipokuomba. Jina la bwawa letu lisitudanganye, mgeni huyu amekuja kwa ajili ya samaki.

Atakayekuuliza kwa nini ugharimike kwa wachache, mwambie mambo mawili. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haizungumzii hisani, inazungumzia haki, na Tanzania ilikwisha kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, wenye ibara nzima kuhusu burudani na mapumziko. La pili, ile njia ya mbao atapita pia mama mjamzito, bibi mwenye goti bovu, na kijana anayesukuma ndoo za samaki kwenye toroli. Hao si wachache hata kidogo.

Ukishamaliza kusoma, usianze na mbao wala saruji. Chukua futi kamba, nenda kapime mlango wa choo chako. Uandike ukutani upana uliopata, na ukipigiwa simu ya ziara, uutaje. Mwenye kiti atajua mwenyewe kama kinapita.